Pesa ya nywele

Mwanangu,

Ile elfu sitini imenirudia. Simu ililia nikiwa nimeshika kichwa cha mteja, twende kilioni, imebaki mistari sita upande wa kushoto. Kutazama, umerudisha yote, na ujumbe juu yake: "Mama, mimi ni mtu mzima sasa." Nikamaliza kusuka bila kusema neno. Mteja akaniuliza kama nimepata msiba.

Sikukupigia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Barua huwezi kuikatiza.

Jioni dada yako alinikuta bado nimenuna, akanifungulia habari za mchoraji mmoja wa Marekani wa karne ya 19, Edward Mitchell Bannister. Alidhani nitampenda kwa kuwa ni mtu mweusi aliyechora miti, mawingu na ng'ombe, kama wewe. Nimempenda, ndiyo. Lakini aliyenikalisha macho hadi saa sita usiku ni mkewe, maana mkewe alikuwa mtu wa kazi yangu.

Nianze na mwanamume, usije ukasema napendelea. Alizaliwa 1828 huko St. Andrews, mji wa pwani ya New Brunswick, Kanada. Baba alikufa yeye akiwa mdogo, akabaki na mama yake, Hannah, na ukubwani alikuwa akisema mapenzi ya sanaa aliyatoa kwa mama. Naye mama akafariki. Kijana akaenda kukaa kwa mwanasheria mmoja tajiri, na zile sura za ukoo zilizotundikwa ukutani akawa anaziiga kwa chaki kwenye milango ya ghala. (Wewe ulitumia mkaa, na mlango ulikuwa wa mwenye nyumba. Rangi ya kuupaka upya nilinunua mimi.) Baadaye akafanya kazi melini, kisha akatua Boston, Marekani, akawa kinyozi.

Mwaka 1853 akaenda kuomba kazi kwenye saluni ya Christiana Carteaux. Huyu mama alikuwa mzaliwa wa jimbo la Rhode Island, ana damu ya Kiafrika na ya Wanarragansett, wenyeji wa nchi ile kabla ya Wazungu. Alijiita daktari wa nywele, na matangazo yake yalitoka kwenye The Liberator, gazeti la wapinga utumwa. Fikiria: kusini mwa nchi hiyohiyo watu weusi bado wananunuliwa na kuuzwa, na yeye kaskazini anatangaza dawa yake ya kurudisha nywele zilizopukutika. Daktari wa nywele! Na mimi kibao changu nitakiandika upya.

Walioana 1857, na haukupita muda Bannister akaacha wembe, akashika brashi moja kwa moja. Sasa nikuulize, mwanangu, hapo katikati, kabla watu hawajaanza kununua picha, kodi ya nyumba ilitoka wapi? Turubai na mafuta ya kuchanganyia vilitoka wapi? Vilitoka vichwani mwa watu. Na yeye hakuficha. Alisema waziwazi kwamba bila Christiana mambo yake yangekuwa mabaya sana, na kwamba mafanikio yake makubwa yalitoka kwake: yeye ndiye aliyezikosoa picha, yeye ndiye aliyemshauri zipi azipeleke mbele ya watu na wapi.

Mama huyo hakukaa saluni tu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts walipewa dola 10 kwa mwezi, hapo zinakatwa 3 za nguo, na mweupe anapewa 13. Wakakataa kupokea, wakapigana bila mshahara zaidi ya mwaka. Mwaka 1864 Christiana akaongoza wanawake wenzake Boston kuandaa soko la hisani la kuwachangia, na mumewe akaleta picha aliyomchora kamanda wao, Robert Gould Shaw, aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Karibu 1870 wakahamia Providence, huko Rhode Island kwao Christiana.

Sasa nije kwenye kile kisa chako cha mlangoni. Uliponisimulia ulicheka, lakini nakujua unavyocheka ukiumia. Umebeba picha yako mwenyewe kwenda kwenye maonyesho, mlinzi anakuuliza mzigo huu unampelekea nani.

Mwaka 1876 Marekani iliadhimisha miaka 100 ya uhuru kwa maonyesho makubwa Philadelphia. Bannister akapeleka Under the Oaks, picha ya mialoni. Akaona gazetini kwamba picha namba 54 imepata medali ya kwanza. Hiyo ndiyo namba yake. Akakimbilia kamati kuhakikisha, akajipenyeza kwenye umati mpaka kwenye meza. Watu wakaanza kunong'ona, huyu mweusi anataka nini humu. Karani akamjibu kwa kiburi, kinakuhusu nini? Akajizuia, akasema polepole: nimesikia Under the Oaks imepata tuzo, mimi ndiye niliyeichora. Alisimulia mwenyewe kwamba hata bomu lisingewashtua vile. Palepale wakageuka, wote wananyenyekea. Waamuzi wakataka kulifikiria upya, wachoraji wenzake weupe wakakataa, medali ikabaki yake. Picha ikauzwa dola 1,500. Leo haijulikani iliko, na hilo limeniuma kuliko yule karani.

Zilizobaki nimezitazama kwenye simu, nimezivuta mpaka zikawa vidoadoa. Tafuta ile ya 1886, Approaching Storm. Kuna mtu mmoja mdogo njiani, anakazana kwenda, miti yote imeinamia upande mmoja, na mbingu imeshaanza kuwa nzito. Sura yake huioni, lakini mwendo wake unakuambia yuko mbali na nyumbani na mvua itamkuta. Mimi sijui sanaa, najua mawingu. Yale ni ya kuanua nguo. Picha zako za mwezi uliopita zina mawingu mazuri mno, mwanangu, kama ya kalenda. Hayanyeshi yale.

Bannister alifariki Januari 1901, ghafla, kanisani kwenye mkutano wa maombi. Marafiki zake wachoraji wakamwekea jabali kubwa kaburini. Christiana alimfuata kaburini bila pesa, bila sifa. Ilibidi ifike 2002 ndipo Rhode Island ilipoweka sanamu ya kichwa chake kwenye jengo la serikali ya jimbo. Dada yako alinionyesha. Nilitazama nywele kwanza.

Kesho nikifungua saluni naituma tena elfu sitini. Anza na rangi nyeupe, ulisema ndiyo inayokuishia mapema. Ukiirudisha nitaileta kwa mkono wangu, na basi la alfajiri, halafu tuone utanilaza wapi kwenye hicho chumba chako.

Mama yako