Kiazi chako hakina kosa

Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Huku hatujambo sote, bibi yako anakuombea dua. Unasema katika jaribio lako la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, vipande vyote vya kiazi ulivyotia kwenye glasi za maji ya chumvi vililegea, hata cha glasi ya chumvi kidogo ambacho kitabu kilisema kitakakamaa, na sasa umekiona kitabu ni cha uongo. Kitabu kiko sawa. Chumvi ndiyo iliyozidi.

Hebu piga hesabu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 6. Wewe ulikitia kwenye glasi ya mililita 200, yaani gramu 30 kwa lita. Maji ya bahari yana kama 35! Glasi yako ya vijiko viwili imeipita bahari. Kiazi chenyewe kwa ndani kimekolea karibu sawa na maji yenye gramu 9 hivi, na maji huvuka utando wa seli, ngozi yake nyembamba, kuelekea palipokolea chumvi na vitu vingine zaidi. Glasi zako zote zilikinyonya, hakuna hata moja iliyokinywesha.

Rudia hivi. Koroga vijiko 2 vya usawa katika lita 1 ya maji, upate gramu 12. Chota nusu lita ya hayo, ongeza nusu lita ya maji, umepata 6. Ya 6 nayo yazimue vivyo hivyo, upate 3. Glasi ya nne iwe maji matupu.

Kiazi kiwe kibichi, maana kilichochemshwa utando wake umekwisha kufa na hauzuii kitu. Menya ganda lote, kwani halipitishi maji vizuri. Kata vipande vya sentimita 5 kwa 1 kwa 1, vyote vya kiazi kimoja. Vifute kwa kitambaa kabla ya kupima, na uvifute vilevile ukivitoa. Wengi huharibia hapo: wanapima maji yaliyobaki juu ya kipande wakidhani ni ya ndani. Acha saa 2. Cha maji matupu kitakakamaa, ukikikunja kinakatika. Cha 12 kitapinda tu.

Na usiandike kwamba seli za kiazi zitapasuka kwenye maji matupu. Zina ukuta unaozishika. Chembe nyekundu za damu hazina ukuta huo, ndiyo maana dripu ya chumvi hupimwa gramu 9 kwa lita, si maji peke yake.

Sasa mchu, ule mti wa huku pwani, unaishije ndani ya bahari, na kiazi kinanyong'onyea kwenye 12? Mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi. Ile inayopenya, tezi za majani huisukuma nje, kutoka ilikopungua kwenda ilikojaa. Huko ni kupandisha mlima, na seli hulipia kwa nguvu iliyobebwa na ATP, molekuli inayohifadhi nguvu ya seli. Maji kwenye kiazi chako hayalipii chochote. Ukija likizo, chuma jani la mchu jua likiwa kali, utaona chenga za chumvi. Mkoko, mti mwingine wa huko huko, hauna tezi hizo, hutegemea kuchuja mizizini, basi jani lake ukililamba huambulii kitu.

Mizani ya jikoni nakutumia kwa basi. Haisomi chini ya gramu 1, na kipande kimoja kina kama gramu 5, kwa hiyo badiliko lake halitaonekana. Weka vipande 5 kila glasi, uvipime kwa pamoja.

Mama yako