Mwanangu, usivae kwa ajili ya weita

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, kisha mamako akaurudia kwa sauti kwa kuwa aliniona naruka maneno. Unauliza kwa nini nilinyamaza pale hotelini Jumapili, walipotukalisha mlangoni mwa jikoni na kutucheleweshea chakula, ilhali kila kitu nilikiona. Halafu unasema mwisho wa mwezi utatupeleka palepale tena, ila mara hiyo mamako aache buibui nyumbani avae lile gauni alilovaa kwenye harusi ya dadako, mimi nitie koti, wewe uongee Kizungu tangu getini, na tuagize kamba wakubwa kuliko wote ili watutambue. Hilo la pili ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Kwanza la kunyamaza. Nilikuwa naangalia dirisha la jikoni. Umekua ukinijua kama mpishi wa hoteli za pwani ya kaskazini, Nyali mpaka Shanzu, lakini sidhani nimewahi kukueleza jinsi chakula cha mtu kinavyocheleweshwa. Jikoni sura ya mteja hatuioni. Tunaona kikaratasi cha oda chenye namba ya meza, na vinapangwa kwa jinsi vilivyoingia. Mpishi ukimwacha atafuata foleni, maana hana la kupata kwa kuivunja. Anayeivunja ni weita. Anaingiza kichwa dirishani: "Chef, nisaidie na 12, wale wageni wana haraka." Basi 12 inapanda, meza nyingine inashuka, na kule nje unaambiwa jiko limelemewa. Samaki wa kupaka anachukua muda, ni kweli, lakini muda wake naujua. Wale waliotukuta walikula samaki huyohuyo wakaitisha na kahawa sisi bado tunatafuna mkate.

Mengine uliyaona mwenyewe. Meza za upande wa bahari ziko tupu, tunaambiwa zimeshawekwa, tunakalishwa mlangoni mwa jikoni ambapo kila sahani chafu inapita usawa wa sikio la mamako. Wakaja watalii na kaptula zao, mchanga miguuni, wakaulizana na weita kama kuna nafasi, yaani hawakuwa wameweka chochote, wakapelekwa moja kwa moja kwenye meza "iliyowekwa". Wale usiwachukie, hawakujua kama kuna waliotangulia. Halafu ulipoweka kidole kwenye kamba katika menyu, yule kijana weita akakwambia hiyo iko juu kidogo. Bei imeandikwa palepale chini ya kidole chako!

Ndipo ukapandwa na hasira, ukamwambia, "Unajua mimi ni nani?" Nikakushika mkono, na umenikasirikia kwa hilo hadi leo.

Mama, neno lile mimi nimelisikia sana nikiwa jikoni. Ni neno la waheshimiwa. Anakuja mmoja Jumapili mchana na magari matatu, familia iliyokwisha kuketi inaombwa isogee, supu yao inapoa njiani. Mtu anayeuliza swali hilo amekwisha kukubali kwamba wako wengine wasio na jina, ambao ni halali kukalishwa na sahani chafu. Ugomvi wake ni kwamba yeye amechanganywa nao tu. Sikutaka wewe uingie katika ugomvi huo, hata kama ungetupatia meza ya baharini.

Na yule kijana hesabu yake naifahamu. Mshahara ni mdogo, tipu ndiyo inayomlisha, na ameshajiaminisha kwamba mtalii huacha tipu na mwenyeji huacha shukrani. Anacheza kamari na sura zetu. Simtetei. Lakini kanuni ya zile meza hakuitunga yeye, na hilo nililijua kwa uhakika ulipotoka kwenda kutafuta tuktuk, kwa sababu niliomba kuonana na meneja. Hukuniuliza kwa nini nilikawia, nami sikukwambia.

Meneja ni mtu wa adabu, aliniita mzee. Nikamuuliza zile meza ziliwekwa kwa jina la nani. Akasema ni za wageni. Nikamwambia sisi pia tumetoka kwetu tumekuja kwake. Akacheka kidogo, kisha akasema ukweli: wenyeji hununua soda moja wakakaa mpaka magharibi, na mwenye hoteli ameagiza upande wa bahari uachiwe watalii. Nikamwambia kama shida ni soda, basi abandike mlangoni kiasi ambacho kila atakayekaa upande wa bahari lazima atumie, awe wa Mtwapa au wa Munich. Nitaisoma, nitaamua kuingia au kurudi. Hakuwa na jibu. Kanuni ikiandikwa ingewabana na watalii wa soda moja, nao wapo, muulize mpishi yeyote.

Ajabu ni kwamba hoteli hizi zinatukumbuka kila zinapokwama. Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa na mamia wakarudishwa kwao kabla ya likizo kwisha, na tena 2020 ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai, matangazo yote yalikuwa ya Kiswahili na bei za wananchi. Bahari tuliiona vizuri sana miezi ile.

Na kutoonekana huku hakukuanza leo. Tom Mboya, kabla hajawa mwanasiasa, alikuwa mkaguzi wa afya katika halmashauri ya jiji la Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alisimulia kwamba siku moja mama wa Kizungu aliingia ofisini na maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa mbele yake. Zama zile ubaguzi ulikuwa ndio utaratibu wa nchi, na babu yako hoteli za Wazungu aliziingia kwa mlango wa nyuma, kama mtu wa kazi. Leo utaratibu huo haumo katika sheria yoyote, ila macho yale ya kutazama huku na huku mtu mweusi pia anaweza kuyarithi, tena akamtazamia mweusi mwenzake.

Sasa sikiliza la Katiba yetu ya Kenya, maana wewe ndiye uliyesoma. Ibara ya 27 inaorodhesha mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo, na kipengele cha 5 kinamkataza mtu yeyote, si serikali peke yake. Rangi imo, dini imo, na karibu na mwisho wa orodha yamo mavazi na lugha. Yaani buibui la mamako na Kiswahili chetu vimetajwa humo. Na wewe ndivyo viwili unavyotaka tuviache nyumbani!

Sikudanganyi kwamba sheria hukimbia. Machi 2015 ilibainika kwamba mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani, Nairobi, ulikuwa unawazuia Waafrika kuingia baada ya saa 11 jioni. Kelele zikapigwa, kaunti ikaufunga, lakini kosa lililotumika kuufunga lilikuwa la leseni. Hata hivyo, bila wale waliosema hadharani, leseni yenyewe isingeangaliwa.

Kwa hiyo hatuvai koti. Tutaandika. Risiti ninayo, ina tarehe, saa, namba ya meza, VAT asilimia 16 kamili, na ile asilimia 2 ya utalii ambayo husaidia kusomesha vijana pale Chuo cha Utalii. Tumemlipia weita mpaka karo, hatukupunguziwa hata ndururu kwa kukaa jikoni. Barua iende kwa mwenye hoteli, nakala kwa meneja. Jina la yule kijana usiliweke, wasije wakamfukuza yeye wakabaki na kanuni yao. Eleza meza zilivyokuwa, waliokuja baada yetu walikalishwa wapi, na meneja alinijibu nini. Usiandike kwamba unafanya kazi benki. Omba jambo moja: kanuni ya meza za baharini ibandikwe mlangoni. Wasipojibu, iko Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, tutawapelekea karatasi hizohizo.

Andika kwa Kiswahili, nisome kabla hujaituma, kwa maana wewe ukikasirika hukosi kuingiza matusi mawili matatu. Picha ya risiti atakutumia mamako, simu yangu imejaa.

Babako