Mafundi wenzangu, silikoni ya siki itoke kwenye tachi

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tunalingana basi mambo vipi. Mimi fundi simu hapa Tanga, huu mwaka wa 11 niko kibanda kilekile, na gazeti lako nalisoma kila siku maana jirani yangu wa chipsi analinunua na akishamaliza nalidaka kabla hajaanza kufungia maandazi. Leo naomba nafasi kidogo kuna kitu kimenikaa rohoni, namna tunavyoua tachi (ule utando wa chini ya kioo unaosikia kidole) kwa silikoni, na kinatuhusu sisi mafundi wenyewe, wala sio Wachina kama tunavyopenda kusingizia.

Wiki iliyopita kaja mama mmoja muuza samaki, kaniambia mwanangu hii simu imekataa herufi a. Nikacheka nikajua ananitania. Nikamwambia haya mama andika nione, akaandika, ikatoka "smki wpo njoo". Yaani herufi zingine zote zinakubali, a hakuna, q nayo hakuna (q nani anaihitaji) na ule mshale wa herufi kubwa nao kimya. Ukishika simu wima hizo zote zipo ukingoni kushoto, kwahiyo nikajua hapohapo kuna laini moja ya tachi imekufa kutoka juu mpaka chini. Sasa Kiswahili bila a utaandika nini jamani, jina la mama mwenyewe tu lina a tatu.

Kioo kizima, hakina hata mkwaruzo. Fundi aliyenitangulia alishamwambia hiyo tachi kopi, tafuta simu nyingine mama. Nikaipasha kwenye pleti nikaibandua taratibu nikaweka chini ya kamera ya kukuzia, na pale ulimi wa flekisi (ule utepe wa nyaya unaoipeleka tachi kwenye bodi) unapoungana na tachi nikakuta donge la silikoni, ile ya kuzibia masinki na madirisha ya aluminiamu. Nikalibandua donge. Chini yake kijani kitupu, kijani kile cha sufuria ya shaba iliyolazwa na ndimu ndani, na njia mbili za shaba zimekatika kabisa, hazipo, zimeliwa.

Hiyo silikoni mnaijua, ukiikamua tu pua inasema siki. Ile harufu ni asidi ya siki yenyewe, silikoni inavuta unyevu wa hewani ili igande na huku inaitoa asidi. Kwenye sinki haina neno, dirisha likiwa wazi asidi inajiendea zake, lakini ukiifungia chini ya kioo juu ya njia za shaba zilizo uchi inaenda wapi? Inabaki inakula. Mwenzetu aliyeipaka hakuwa na nia mbaya, alikuta ulimi unacheza akataka aushike, ila kabla ya kupaka alikwangua lile koti la kiwandani ili aone vizuri, na kwa jicho langu hapo kwenye kukwangua ndio simu ilipofia, silikoni imekuja kuzika tu.

Wateja wengi hawajui kama hilo koti lipo. Ukigusa simu unagusa kioo, chini ya kioo kuna mistari ya kupitisha umeme, mingine wima mingine mlalo, kidole kikisogea kinabadilisha kidogo chaji kwenye makutano na chipu inasoma makutano yote hayo mara nyingi kila sekunde. Kwa simu mistari ya katikati mara nyingi ni ITO, mchanganyiko wa oksaidi ya indiamu kama asilimia 90 na ya bati kama 10, unapitisha mwanga ndio maana huuoni. Lakini pembeni, chini ya ile rangi nyeusi ya kioo, mistari inakusanywa na njia za metali kabisa, shaba au silva, mpaka kwenye flekisi. Hizo metali ndizo zinazoumwa. Shaba inashika kutu, silva inageuka nyeusi kama bangili ya bibi, na ni kwa sababu hiyo kiwandani wanazipaka koti, wengine resini iliyo wazi kama vanishi, wengine wanafunika shaba kwa metali nyingine isiyoliwa haraka. Fundi mota atanielewa upesi, hawezi kusuka koili akaiacha bila kuimwagia vanishi, akifanya hivyo mota inarudi kwake kabla ya mwezi kuisha.

Na wala sio mambo ya leo. Pale CERN, kile kituo cha utafiti cha Geneva Uswisi, miaka ya mwanzo ya 70 walihitaji skrini za kugusa kwa chumba cha kuendeshea mashine yao kubwa ya kukimbizia chembe, SPS, akatokea mhandisi wa Kidenmaki anaitwa Bent Stumpe akapendekeza mistari ya shaba juu ya kioo, upana maikroni 80 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) na nafasi kati yake maikroni 80, myembamba kiasi jicho halisumbuki nayo. Na juu yake wakapaka nini? Laka. Laka ya kawaida ili kidole kisifike kwenye shaba. Miaka zaidi ya 50 iliyopita watu walishajua shaba ya tachi haiachwi uchi, sisi leo tunaikwangua kwa wembe.

Sasa hivi zile skrini kubwa, za kuagizia chakula, za mikutanoni, nyingi zinatumia wavu wa shaba au silva katikati kabisa sio pembeni tu, maana ITO kwenye skrini kubwa inakuwa na ukinzani mwingi na ukiikunja inapasuka. Nyuzi za huo wavu ni za maikroni chache tu, chukulia 5, na unywele wa mtu ni kama 70, kwahiyo unywele mmoja unafunika upana wa nyuzi zaidi ya kumi. Kutu ya msumari unapangusa unaendelea na kazi. Kutu kwenye uzi wa maikroni 5 ni msiba. Huko koti linafanya kazi mbili, linazuia kutu na linatiwa weusi ili wekundu wa shaba usimetemete ukamkera mtazamaji.

Kuna mgahawa wa ufukweni waliniita, skrini yao ya kuagizia kila alfajiri inajibonyeza yenyewe, inaagiza ngisi sahani sita hakuna mtu, likipanda jua inatulia. Wafanyakazi walishaanza maneno ya majini. Nilipofungua nikakuta ufito wa kuziba pembeni umeachia, unyevu wa chumvi umeingia, na kati ya njia mbili za silva kumeota vijizizi vyeusi kama mzizi wa muhogo mchanga. Hiyo ni tabia ya silva, ikipata unyevu na umeme kwa pamoja inasafiri, inatoka njia yenye chanya inaelekea yenye hasi inaota matawi mpaka zinagusana. Kukiwa na umande zinagusana vizuri, kukikauka zinaachana. Ngisi wa watu bure.

Huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi, hilo nalo lazima lisemwe. Wapo wanaonunua simu ya IP68 (ile alama ya kuzuia vumbi na maji) wanaingia nayo baharini wanaogelea, wakati majaribio ya IP68 yanafanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Viwanda makini vina majaribio mengine, wanaiweka tachi kwenye chumba cha joto nyuzi 85 na unyevu asilimia 85 masaa mengi mfululizo, mara nyingi hadi 1,000, na lipo la kunyunyizia ukungu wa maji ya chumvi asilimia 5 kwenye nyuzi 35, ambayo ukiniuliza mimi ni Tanga ya mwezi wa pili mchana. Kwahiyo nyie mnaoagiza skrini kubwa kwa ajili ya hoteli na vituo vya mafuta huku pwani, kabla hujalipa muulize muuzaji nyuzi zake zimepakwa nini, zilikaa masaa mangapi kwenye hiyo 85 kwa 85, ukungu wa chumvi ulipimwa au la. Akianza kukuelezea rangi na ukubwa wa inchi, jua hajui anachouza. Watu wanauliza ugumu wa kioo tu, kioo kioo kioo, kioo hakijawahi kuota kutu.

Kwa mafundi wenzangu nasema kwa heshima maana hata mimi nilishafanya haya. Thina tuiache kwa ajili ya rangi ya gari, ukisafishia tachi inayeyusha koti pamoja na uchafu, tumia IPA (ile spiriti ya kusafishia bodi) kidogo kwenye kitambaa. Gundi ya kubandikia kioo nayo sio kila gundi, zipo zenye asidi, tafuta iliyoandikwa haina asidi. Ukikuta ulimi wa flekisi unacheza na lazima utumie silikoni basi iwe ile ya nyutro, isiyonuka siki. Na kama koti limeshatoka, safisha, kausha vizuri kabisa, usizibe na unyevu ndani, halafu paka vanishi ya saketi tone dogo. Wengine wanatumia ile rangi ya kijani tunayofunikia jampa (kile kijiwaya cha kuungia njia iliyokatika) kwenye bodi, inayokaushwa na taa ya UV. Nimeijaribu kwa simu za wavuvi inashika vizuri, ila paka nyembamba, ukijaza kioo hakikai.

Yule mama njia zake mbili hazikuungika, shaba ilishaisha, nikambadilishia tachi kwa 35,000 na hela ya ufundi sikumdai, niliona haya kwa niaba ya yule aliyepaka silikoni. Tachi mpya niliipaka vanishi pale kwenye ulimi kabla ya kufunga, akasimama anashangaa mbona unaipaka rangi ya kucha mwanangu.

Mwisho mhariri, kama kuna msomaji hapa Tanga anauza vanishi ya saketi kwa chupa ndogondogo naomba ajitokeze kwenye ukurasa huuhuu. Mimi yangu naitoa Kariakoo, chupa kubwa, nauli ya basi juu, na nusu inakauka kabla sijaimaliza.

Fundi simu,
Tanga