Barua kwa Mama Baada ya Arobaini

Göteborg, Uswidi
25 Januari 2026

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, mama. Ninamwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute wewe, baba, shangazi na wote wa nyumbani mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mjukuu wako, ambaye pia ni somo yako kwa kuwa amepewa jina lako, leo ametimiza siku 53. Ananyonya vizuri, analala vibaya, na akifungua macho kwenye mwanga hukunja uso kama wewe unapotunga uzi kwenye sindano.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu mazungumzo yetu ya Ijumaa yalikatika mahali pabaya, na maneno ninayotaka kukwambia yanahitaji utulivu. Uliniambia kwamba hapo mtaani Ngamiani, Tanga, watu wanasema mwanao amegeuzwa yaya Ulaya, kwamba mkewe atatoka kwenda kazini naye atabaki ndani akibadilisha pampasi. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ambayo sikuizoea, kama nimefukuzwa kazi na ninawaficha. Sikufukuzwa, mama. Kazi yangu ipo, nimerudi tangu katikati ya mwezi huu, na nitaiacha kwa muda kuanzia Juni kwa hiari yangu na kwa haki ambayo sheria ya hapa inanipa. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Mtoto anapozaliwa katika nchi hii, wazazi wake hupewa siku 480 za likizo ya malezi yenye malipo, 240 za mama na 240 za baba. Siku 390 kati ya hizo hulipwa kwa kufuata mshahara, karibu asilimia 80 yake, na 90 zilizobaki hulipwa krona 180 kwa siku. Mzazi anaweza kumwachia mwenzake sehemu ya siku zake, lakini siku 90 haziachiki. Asipozitumia mwenyewe hupotea. Hata Waswidi hawakuzaliwa na desturi hii. Sheria ya kuwapa baba na mama haki hiyo sawasawa ilianza mwaka 1974, ikiwa ya kwanza duniani, na kwa miaka mingi akina baba wengi waliwaachia wake zao siku zote, mpaka mwaka 1995 ulipotengwa mwezi mmoja wa kila mzazi usioweza kuhamishwa. Kwa hiyo nao walipitia maneno ya watu, na nadhani waliyapita kwa sababu walianza kuwajua watoto wao.

Lakini mimi sikuamua kwa sababu ya Waswidi. Niliamua usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba, nikiwa chumba cha uzazi.

Najua kwetu mwanamume hakai huko, hungojea nje pamoja na chupa ya chai na kanga za mzazi. Hapa mkunga alinishika mkono akaniingiza, akanionyesha kiti kilicho kichwani pa kitanda, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza kama nataka kutoka. Daktari hatukumwona kabisa. Mkunga ndiye aliyemzalisha mkweo tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa saa 14, akimsemesha polepole. Tangu utotoni, nikiwa chuoni kwa maalimu, nimekuwa nikisoma katika Surat Luqman aya inayosema kwamba mama humbeba mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu. Niliihifadhi, nikaisoma mbele ya watu, nikapewa zawadi ya msahafu. Usiku ule, mkweo alipokuwa akinishika mkono mpaka kucha zikaniingia, ndipo nilipoijua maana yake, na mama, nilikufikiria wewe, kwa sababu mimi uliponizaa katika hospitali ya Bombo hakukuwa na mtu wa kukushika mkono.

Alipotoka, kabla sijamtazama vizuri, nilimwadhinia katika sikio la kulia na kumkimia katika la kushoto. Mkunga alizima ile mashine iliyokuwa ikilia, akasimama kimya mpaka nikamaliza. Kisha nikalainisha kipande kidogo cha tende nikampaka kwenye kaakaa. Uliniuliza kama nilimpa na asali, nami nikakwepa kukujibu. Sikumpa. Wauguzi wa hapa wanakataza asali kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Wanja wa manga uliotuma nao umefika salama, umo kabatini ndani ya ile karatasi uliyoifunga mwenyewe, lakini sikumpaka, kwa kuwa baadhi ya wanja huwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto. Naomba usilichukulie hilo kuwa ni kuidharau mila yetu. Najua ulichokuwa ukiogopa ni jicho la watu. Kila jioni mimi humkinga kwa Ayatul Kursi, Falaq na Nas, na kwa ile dua ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwakingia wajukuu wake Hasan na Husein.

Arobaini yetu, mama, ilikuwa ngumu kuliko nilivyokueleza kwenye simu. Viza yako ilipokataliwa mwezi wa Oktoba nilikwambia tutajimudu, na nilisema hivyo ili usilie. Kwetu mzazi hulazwa, hukandwa, hupikiwa, huogeshewa mtoto, na wanawake hupokezana mlangoni mpaka siku ya kutoka. Hapa, siku mbili baada ya kujifungua, tulipewa ruhusa tukarudi watatu katika nyumba iliyo ghorofa ya nne, nje theluji, ndani kimya. Sheria ilinipa siku 10 za mwanzo za kuwa nyumbani, nami nikaunganisha na siku zile ambazo wazazi wote wawili wanaruhusiwa kukaa pamoja, nikatimiza nazo arobaini. Wewe ulikuwa ukinielekeza kwenye simu jinsi ya kupika uji wa pilipili manga, nami nilikuwa nikiusonga kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba mtoto. Nilimkanda mkweo mgongo na kiuno kwa taulo la maji ya moto, nikikwepa mahali pa mishono kama mkunga alivyoagiza. Nilijifunza kumwogesha mtoto kabla kitovu hakijakatika, kumcheulisha, kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha chango. Mama mmoja wa Kisomali wa ghorofa ya chini alituletea supu ya mbuzi mara tatu, na jirani yetu Mkongo, ambaye ni Mkristo na anazungumza Kiswahili cha Bukavu, alikuja Jumapili moja akafua kila kitu kilichokuwa bafuni bila kuulizwa. Wote wawili naomba uwatie katika dua zako.

Wiki ya tatu mkweo alianza kulia bila sababu. Alikuwa analia akinyonyesha, analia akila, na alikuwa akiniambia kwamba Mungu amemwacha. Nilikosea hapo, na ninakiri kwako: nilimwambia amshukuru Mungu, maana kuna wanaotafuta mtoto hawapati. Ni kweli, lakini halikuwa neno la kumwambia mtu katika hali ile, na alinyamaza siku nzima. Nilikuja kufahamu kwamba jambo moja lililokuwa likimuumiza ni swala. Alikuwa katika nifasi, yaani damu ya uzazi, haswali wala hafungi, na katika nyumba isiyo na sauti ya adhana wala ya jirani yeyote anayesoma Kurani, kuukosa ule mswala mara tano kwa siku kulimfanya aone amekatika na kila kitu. Kwetu angekuwa amezungukwa na shangazi wanaomwambia pumzika, Mungu amekupa likizo. Huku alikuwa na mimi tu, nami nilikuwa nikiswali pembeni kama mtu aishiye peke yake.

Muuguzi wa kliniki ya watoto, ambaye alikuwa ametutembelea nyumbani siku za mwanzo, alimhoji baadaye maswali kuhusu moyo wake, usingizi wake na hofu zake. Huku kila mama huulizwa hivyo mtoto anapofikisha wiki sita hadi nane, na baba naye huitwa kwa mazungumzo yake mtoto akiwa na miezi mitatu hadi mitano. Alitueleza kwamba ile ni hali inayowapata wazazi wengi, ina jina na ina tiba, wala si upungufu wa imani. Nilimuuliza pia imamu wa msikiti ulioko Hisingen, chini ya kilima cha Ramberget. Hakunipa hotuba. Aliniuliza, “Unasoma kwa sauti nyumbani, au moyoni?” Tangu siku hiyo nikawa nasoma kwa sauti, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chao, na mkweo akawa anafuatisha nyiradi huku ananyonyesha. Polepole akaanza kula. Sasa ametoka nifasi, anaswali, na juzi nilimsikia akicheka peke yake na mtoto. Naomba usimweleze kwamba nimekuandikia haya. Mpigie tu, umuulize habari zake mwenyewe kabla ya kuuliza za mtoto.

Wakati huu wa baridi jua linachomoza karibu na saa tatu asubuhi, na mwezi wa Desemba lilikuwa likizama saa tisa na nusu alasiri, hata Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zikasongamana katika saa chache. Mara nyingi swala hunikuta na mtoto mikononi. Hapo zamani ningemweka chini alie mpaka nimalize, nikidhani huo ndio unyenyekevu. Lakini imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alikuwa akiswali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama, na kwamba alikuwa akiifupisha swala aliposikia mtoto akilia, kwa kumhurumia mama yake. Basi nami namfunga kwa mbeleko yako, ile ya kanga ya buluu, nasimama naye. Kusujudu namlaza mbele ya mswala, na yeye hunitazama nikiinuka.

Sasa nakuja kwenye lile swali lako. Mkweo alikatiza masomo yake ya uuguzi kwa ajili ya ujauzito, na Juni atarudi kuyamaliza. Mtoto atakuwa na miezi sita, ataanza uji, na maziwa ya mama yake yatakuwa yakikamuliwa na kuhifadhiwa. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Desemba nitakaa naye mimi. Kurani katika Surat al-Baqara imemwekea mama miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na papo hapo imemwekea baba jukumu la chakula na mavazi yao. Sikuliacha jukumu hilo. Malipo ya likizo yataingia kila mwezi na kodi ya nyumba italipwa. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Sioni, mama, katika jibu hilo, mahali ambapo mwanamume anapungua.

Na kuna jambo sijawahi kukwambia. Mdogo wangu alipozaliwa, ukashikwa na homa kali, nilikuwa na miaka saba. Usiku mmoja niliamka kwenda msalani nikamkuta baba uani, amechuchumaa mbele ya karai, anafua nepi bila taa. Alinitazama, akaniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu kwa miaka 27. Kama baba anasomewa barua hii, namwomba radhi kwa kuitoa siri yake, lakini nataka ajue kwamba mimi nilijifunza kwake, si kwa Wazungu. Wakiuliza tena hapo barazani, waambieni hivyo.

Namshukuru pia baba na mjomba kwa kumchinjia mtoto mbuzi wa akika. Huku mnyama hachinjwi bila kupigwa ganzi kwanza, nasi tulitamani ichinjwe kwetu, kwa mkono tunaoujua, na nyama ifike kwa watoto wa chuo. Picha zimefika, na mkweo amemwonyesha mtoto mbuzi wake kwenye simu. Jina lako limeandikishwa rasmi kwenye ofisi ya kodi, ambayo ndiyo inayosajili watu tangu kazi hiyo ilipoondolewa kanisani mwaka 1991.

Nywele zake nilimnyoa mwenyewe siku ya saba, kwa wembe mpya, mkono ukitetemeka. Mizani ya jikoni haikuzihisi kabisa, ikabidi nizipeleke kwa sonara, naye akazipima bila malipo, nikatoa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Zimo kwenye bahasha nyeupe ndani ya msahafu wangu. Mwezi wa Saba, inshaallah, tutakuja sote watatu. Naomba uniambie zangu ulizizika wapi, kama ni chini ya ule mkomamanga wa uani au upande wa kisima, ili nije nazo zake nizizike hapo hapo, nawe ukiwa umesimama karibu.

Wasalimie wote.

Ni mimi mwanao,
baba wa somo yako