Admini asifute ujumbe unaomhusu mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie makundi ya WhatsApp ya wakulima wa korosho na ufuta huku Lindi na Mtwara. AMCOS nyingi, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, sasa zina makundi yao, na mkulima wa kijijini huipata bei ya mnada humo kabla hajaisikia redioni. Admini, yaani msimamizi wa kundi mwenye uwezo wa kufuta ujumbe humo, ameshika jambo zito, na wengi wamekabidhiwa uwezo huo bila kuelezwa mipaka yake.

Kasoro kubwa ni kwamba admini mara nyingi ni katibu au mwenyekiti wa chama chenyewe. Mkulima akiuliza kwa nini makato yameongezeka, au kwa nini malipo ya mnada wa pili hayajaingia ilhali ya mnada wa tatu yameshalipwa, swali linafutwa kwa madai kwamba linachafua hali ya hewa, na muulizaji anatolewa. Anayeulizwa ndiye huyo huyo anayeamua kama swali liulizwe. Kwenye baraza la kijiji hatukubali mlalamikiwa aamue shauri lake, na kundini tusikubali.

Kila kundi liwe na maadmini watatu: mmoja kiongozi wa chama, wawili wakulima wasio na cheo chochote. Ujumbe unaomtaja admini usiguswe na yeye, ushughulikiwe na wenzake. WhatsApp humwonyesha kila mwanakundi nani amefuta, lakini haionyeshi kwa nini. Basi aliyefuta aandike sababu, mstari mmoja tu: nimefuta ujumbe wa saa nne asubuhi, ulikuwa na namba ya akaunti ya mtu. Orodha za malipo zenye majina na akaunti, hizo zifutwe papo hapo bila kusubiri onyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa mambo kama hayo.

Uvumi wa bei ndio unaoumiza zaidi. Usiku wa kuamkia mnada hutumwa ujumbe kwamba wanunuzi wamegoma au bei imeporomoka, na asubuhi watu wa kangomba, wanunuzi wa magendo wanaokwepa mnada, wanapita kijijini na fedha taslimu. Admini akiufuta tu amesaidia kidogo: waliokwisha kuusoma wanabaki nao kichwani, na wengine huona kufutwa kwake ndiko ushahidi kwamba ni kweli. Atangulize taarifa sahihi, ndipo afute. Na taarifa ya bei isikubaliwe bila jina la chama kikuu cha ushirika kinachounganisha AMCOS, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, pamoja na tarehe ya mnada, ghala, daraja la korosho, tani zilizouzwa, bei ya juu na bei ya chini. Anayeandika bei ya juu peke yake anapotosha hata kama hakudanganya, maana mzigo wa kila ghala unaweza kupata bei yake, tena bei ya mnadani siyo itakayoingia akaunti baada ya makato. Ujumbe ukiwa na alama ya mishale miwili, ujue umepita mikono mingi. Aliyeuleta aulizwe kautoa wapi.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo. Kisigeuzwe fimbo ya kumtishia mkulima anayeuliza fedha zake ziko wapi.

Kuna makundi yamepiga marufuku ujumbe wa sauti kwa kuwa admini hana muda wa kusikiliza. Sikubaliani nayo hata kidogo. Wazee wengi, na watu wasioandika kwa urahisi, huchangia kwa sauti. Ukiwafungia mlango huo umewatoa bila kuwatoa. Kikomo cha dakika moja kinatosha. Video za vichekesho ndizo zikatazwe, zinamaliza bando la watu bure.

Kumtoa mtu kuwe hatua ya mwisho, kwa sababu anayetolewa anakosa hata bei. Aonywe kwanza faragha, akionyeshwa ujumbe wake mwenyewe. Akirudia, aonywe mbele ya kundi. Mara ya tatu asimamishwe siku saba, maadmini wawili kati ya watatu wakikubaliana. WhatsApp haina namna ya kumnyamazisha mwanakundi mmoja, hivyo kusimamishwa ni kutolewa, na tarehe ya kumrudisha isipoandikwa daftarini atasahaulika msimu mzima. Kulifunga kundi ili maadmini pekee waandike kunafaa kwa saa mbili tatu za siku ya mnada, si zaidi.

Kuna pia suala la laini. Aliyeanzisha kundi hawezi kutolewa na maadmini wengine. Katibu akilifungua kwa namba yake binafsi, uongozi ukibadilika kundi linabaki mkononi mwake. Chama kisajili laini yake, kundi lifunguliwe upya kwa namba hiyo, na laini iwe inakabidhiwa pamoja na mihuri na vitabu. Ifanyike kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, maana mnada wa kwanza ukishapigwa hakuna atakayepata muda wa kuhamisha watu mia tatu.

Mkulima,
Nachingwea, Lindi