Tapeti zipi zifungwe kwenye injini unayoiongezea nguvu?

Mteja akileta injini ya Toyota 4Y gereji kwetu hapa Tabora akitaka iongezewe nguvu, mara nyingi anaanza na bei ya kemshafti (kemu), shafti yenye nundu zinazofungua valvu. Sisi tunaanza na tapeti, vipande vinavyokaa juu ya nundu hizo na kusukuma pushirodi, kwa sababu kila kemu imechongwa kwa aina yake ya tapeti, na vitu hivi viwili hununuliwa pamoja. Kemu mpya haivumilii tapeti zilizokwishatumika. Na kama unarudisha kemu ya zamani, kila tapeti irudi kwenye tundu lake lile lile, kwa hiyo zipange kwa namba unapofungua.

4Y imetoka kiwandani na tapeti 8 za haidroliki, yaani zinazojirekebisha uwazi zenyewe kwa presha ya oili. Kwa gari la safari za Urambo na Nzega, lisilopandishwa zaidi ya mizunguko 5,500 kwa dakika, tunashauri ubaki nazo: hazigongi wala hazihitaji fila geji (visahani vya kupimia uwazi wa valvu). Udhaifu wake uko kwenye mizunguko ya juu. Springi za valvu zikizidiwa na mwendo, tapeti hujaa oili kupita kiasi, valvu haifungi, nguvu inakatika ghafla. Tapeti ikishagusa bila uwazi, pistoni yake ya ndani isukumwe chini kati ya milimita 0.5 na 1.5. Pale ambapo roka (mikono inayobonyeza valvu) hazina skrubu ya kurekebisha, kipimo hicho kinategemea urefu wa pushirodi, ndiyo maana hedi ikichongwa lazima zipimwe upya.

Tapeti ngumu, zisizojirekebisha kwa oili, kama za injini ya 2F ya Land Cruiser, zinahimili mwendo mkubwa zaidi. Lakini uwazi wake lazima upimwe mara kwa mara, kwa kipimo cha aliyetengeneza kemu. Kama hutakuwa na subira hiyo, usizifunge. Za roli, zenye kigurudumu kinachokanyaga kemu, ni nzuri kuliko zote, ila zinadai kemu yake, springi zake, pushirodi zake na kishikio cha kuzuia tapeti isijizungushe. Roli juu ya kemu ya kawaida ni hasara tupu.

Kemu za tapeti bapa (zisizo na roli) zinazoharibika, nyingi huharibika katika nusu saa ya kwanza. Tapeti inayoitwa bapa ina mbinuko mdogo sana usoni, na nundu ya kemu imeinama kidogo, ili tapeti izunguke inapofanya kazi. Isipozunguka, inakwangua sehemu moja na nundu inalika. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa tapeti, uitazame kwenye mwanga: ikiwa mpya na nzima, mwanga unapenya pembeni. Mwanga ukionekana katikati, uso umebonyea, itupe. Kisha ipake oili uidondoshe kwenye tundu lake. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake na izunguke kwa kidole. Ikikwama, safisha tundu kwanza, usigonge kwa nyundo.

Paka grisi maalumu ya kemu kwenye nundu na nyuso za tapeti. Chora alama ya wino kwenye kila pushirodi, zungusha injini kwa spana, uone alama zinahama. Kama springi ni za ndani na nje, toa ya ndani kwa muda huo wa kwanza.

Andaa kila kitu kabla ya starta: maji, petroli, taimingi. Kupiga starta muda mrefu kunafuta grisi yote. Ikiwaka, usiiache sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta). Ipandishe mara moja hadi mizunguko 2,000 mpaka 2,500, ukiibadilisha badilisha, kwa dakika 20 hadi 30. Ikichemka, zima, ipoe, uendelee kutoka hapo. Kwenye sailensa oili inayorushwa na krankishafti kufika kwenye nundu ni kidogo mno.

Oili nayo iangalie. Oili nyingi mpya za petroli za 5W-30 zimepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda kataliti (kichujio cha moshi kwenye ekzosi), na tapeti bapa zinahitaji vitu hivyo viwili. Tumia oili ya kulainishia injini mpya, kisha imwage pamoja na filta mara baada ya zoezi hili, uikate filta utazame kama ina chenga za chuma.

Ukituletea injini, njoo na kemu na tapeti zikiwa bado kwenye boksi, na karatasi ya vipimo iliyokuja nazo.