Tuliambiwa tubebe tochi, na tochi tulikuwa nayo

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita jirani yangu anayeuza mahamri na mbaazi aliporwa alfajiri, si mbali na mlango wake. Ilikuwa yapata saa kumi na nusu. Kichwani alikuwa na beseni la mahamri, mkono wa kushoto ndoo ya mbaazi, mkono wa kulia ile simu yake ndogo ya mulika mwizi, akimulika chini asije akatumbukia mtaroni. Vijana wawili walichomoka kwenye ukuta wa jumba ambalo halijaisha kujengwa, wakakwapua simu na kipochi cha chenji, wakaenda zao bila hata kukimbia. Hakuumia sana, goti tu lilichubuka, lakini mbaazi zote zilimwagika. Nilipotoka nje kwa ukelele wake nilimkuta amepiga magoti anaokota mahamri mchangani kwa kupapasa, kwa sababu mwanga wake ulikuwa umeondoka na wale vijana.

Siku tatu baadaye tuliitwa mkutano wa mtaa kuzungumzia usalama. Kiongozi mmoja aliyealikwa alisimama akatupa pole, kisha akatushauri sisi akina mama tunaotoka mapema na kurudi usiku tubebe tochi, tutembee wawili wawili, tuepuke vichochoro. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Jirani yangu alikuwa ameketi ubavuni pangu. Akaniinamia sikioni akasema, "Dada, tochi nilikuwa nayo. Wao waliniona kabla mimi sijawaona."

Neno hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Wakenya tunaita vitu viwili kwa jina moja. Mulika mwizi ni ile simu ya vibonye yenye tochi kichwani, ukoo wa Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mulika mwizi pia ni ule mlingoti mrefu kuliko minazi, wenye mataa makubwa juu, unaosimamishwa sokoni na kwenye mitaa iliyobanana. Jina ni moja, lakini mlingoti ndio unaolistahili. Simu haimmuliki mwizi, inammulika mwenye simu.

Ijaribu leo usiku uone. Tochi ya simu hufika hatua tatu au nne mbele. Jicho lako linakizoea kile kiduara cheupe miguuni, na kila kilicho nje ya kiduara kinazidi kuwa cheusi. Jicho la binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Aliyejibanza ukutani nusu saa nzima amekwisha kulizoea. Anakuona tangu unafungua mlango, anajua uko peke yako, anajua umeshika simu mkono gani. Nawe hata ukiizima tochi hapo hapo, macho yako hayatakusaidia chochote. Isitoshe, tochi yenyewe ndiyo simu, na simu ndiyo M-Pesa, ndiyo daftari la wateja, ndiyo akiba ya wiki. Tunamwambia mtu ashike mkononi, peupe, kitu chenye thamani kuliko vyote alivyo navyo, halafu tunaita huko ni kujilinda.

Sisemi tochi haina kazi. Mimi mwenyewe natembea na kurunzi ndani ya mkoba mwaka wa kumi sasa. Stima ikipotea huna budi. Kwenye vijia ambako nguzo hazitafika karibuni, kurunzi inakuonyesha nyoka, inakuonyesha shimo, inamwonyesha dereva wa tuktuk kwamba kuna mtu pembezoni. Kwa hayo naishukuru. Ila kazi yake inaishia hapo. Haiwezi kunionyesha sura ya mtu aliye hatua ishirini mbele ili niamue kama nitapita au nitageuza. Wala haiwezi kumwezesha mwenye duka ng'ambo ya barabara kuona kinachonipata. Usalama wa njia unatokana na macho ya watu wengi, na macho hayo yanahitaji mwanga ambao haumo mfukoni mwa yeyote kati yetu.

Hili tulilishuhudia wenyewe. Mlingoti wa kwetu ulipokuwa unawaka, pale chini palikuwa kama sebule ya mtaa. Kulikuwa na mama wa viazi karai, kijana wa mishkaki, muuza kahawa na birika lake, wazee na dhumna, watoto wakikimbizana hadi waitwe kulala. Msichana anayetoka kazini saa tatu usiku alishuka kwenye matatu akapita katikati ya salamu. Hatukuwa na askari hata mmoja pale. Kisha taa zikaanza kufa moja moja, na mwishowe mlingoti wote ukazimika. Wiki ya kwanza mama wa viazi alileta taa ya chaji. Wiki ya pili akawa anafunga saa mbili. Sasa hauzi usiku kabisa. Muuza kahawa amehamia kituo cha mafuta, wazee wameingia majumbani. Barabara ni ile ile, na wezi sidhani kama wameongezeka. Walioondoka ni sisi.

Nimehesabu nguzo kutoka kituo cha matatu hadi msikitini. Ziko 14, zinazowaka usiku ni 3. Moja iliyo mbele ya kinyozi inawaka mchana kutwa, kwa sababu kile kijicho cha juu kinachohisi giza na kuwasha taa kimeharibika. Nyingine ni za sola, zilizowekwa kwa shangwe. Taa ya sola ni nzuri, haimngoji mtu alipe bili, lakini betri yake huchoka baada ya miaka michache, na paneli ikishikwa na vumbi na kinyesi cha ndege haichaji vya kutosha kufika alfajiri. Za kwetu zinawaka hadi saa tano usiku, zinafifia, zinazimika. Saa ambayo jirani yangu anatoka na beseni lake ndiyo saa ambayo zimekufa kabisa.

Huku kwetu karibu na ikweta jua halitupi muda. Linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na kabla saa mbili haijagonga ni giza totoro, mwaka mzima, hadi karibu saa kumi na mbili asubuhi. Nusu ya maisha yetu iko gizani. Walioko njiani saa hizo si wazururaji: ni waokaji, wavuvi, walinzi, wauguzi wa zamu, wafanyakazi wa hoteli, wanaokwenda sala ya alfajiri, watoto wa shule wanaotaka kuwahi matatu.

Sasa kazi ya kuwawashia njia ni ya nani? Si suala la huruma. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeorodhesha kazi za serikali za kaunti. Nambari ya tano ni uchukuzi wa kaunti, na chini yake, mara tu baada ya barabara za kaunti, pameandikwa taa za barabarani. Kazi hiyo imetajwa waziwazi pamoja na barabara zenyewe. Kumwambia mlipa kodi abebe tochi ni sawa na kumwambia abebe mchanga wa kujazia mashimo kila anapopita.

Najua wako watakaosema taa hazizuii uhalifu. Wanaweza hata kunitajia utafiti wa mwaka 2015 uliochunguza mamlaka 62 za England na Wales zilizopunguza au kuzima taa usiku wa manane, ambao haukuona ushahidi kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka. Nauheshimu. Lakini ni za wapi barabara hizo? Ni za lami na njia za miguu pembeni, usiku wa manane watu wengi wamelala, wengine wako ndani ya magari. Hebu tutazame mahali ambako watu wanaishi kwa kubanana na wanapita kwa miguu. Mwaka 2016 jiji la New York lilipeleka minara ya taa za muda kwenye mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa miezi sita, na watafiti wakailinganisha na mitaa ambayo haikupata. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Mtaa wangu sio New York, lakini umefanana na mitaa hiyo zaidi kuliko vijiji vya Uingereza.

Wengine watasema pesa hazipo. Pesa za kuzindua zimekuwa zikipatikana. Tumeona riboni zikikatwa, tumepigiwa ngoma, tumepigwa picha chini ya nguzo mpya. Ambacho hatujawahi kukiona ni gari lenye ngazi likija kubadilisha taa iliyoungua. Kama mfuko ni mdogo, basi mwaka huu isijengwe hata nguzo moja mpya, ziwashwe zilizopo. Taa za LED zinakula umeme kidogo kuliko zile za zamani za rangi ya chungwa, kwa hiyo kubadilisha kunapunguza bili ambayo kila siku tunaambiwa ndiyo sababu ya giza. Kila nguzo ipakwe nambari, na pawe na simu moja ya kupiga, ili nikisema nguzo fulani imekufa fundi asizunguke mtaa mzima kuitafuta.

Na sisi wakazi tusingoje mkutano mwingine wa pole. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Twende tuulize matengenezo ya taa yametengewa shilingi ngapi, tukatae kuonyeshwa taa mpya peke yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Mimi nimeshaandika langu, nikaambatanisha orodha ya nguzo zetu 14 na hali ya kila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inaturuhusu kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, na karatasi ya sahihi iko kwa kinyozi, yule mwenye taa inayowaka mchana. Mtu wa mtaa wowote mwingine anaweza kufanya hivyo hivyo. Ni jioni moja ya kutembea na kalamu.

Jirani yangu amenunua simu nyingine kwa mkopo, nayo pia ina tochi. Lakini hatoki tena saa kumi na nusu. Anangoja kupambazuke, anatoka saa kumi na mbili kasorobo, na anapofika kituoni wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, ambao ndio waliokuwa wakimmalizia beseni, wameshapanda matatu wameondoka. Jana saa nne asubuhi alibisha hodi kwangu na mahamri kumi na mawili yaliyobaki.

Mkazi na mlipa kodi,
Pwani ya Kenya